Nitumie Lokesheni

Mteja akinipigia na kusema "fundi, nakutumia lokesheni", huwa namuuliza kwanza amesimama wapi. Wengi hucheka. Si lokesheni ndiyo itakayosema? Itasema simu ilipo, basi. Na simu mara nyingi iko mkononi mwa mwenyewe kwenye foleni ya benki karibu na Mnara wa Saa mjini Arusha, wakati pampu iliyokufa iko Ngaramtoni, nyuma ya shamba la mahindi, kwenye geti la bluu lisilo na alama nyingine yoyote.

Wengine huituma wakiwa nyumbani kweli, ila wamekaa sebuleni chini ya bati. Bati linazuia mawimbi ya setilaiti, simu inabaki kukisia kwa kutumia minara ya mtandao, na ile nukta ya bluu inazungukwa na duara pana linalomeza nusu ya kijiji. Siku hizi nawaambia: mama, toka nje, simama getini, subiri mpaka hilo duara lisinyae, ndipo utume. Akikubali kusimama juani kidogo, mimi naokoka kuulizia geti kwa geti huku mbwa wakinifuata.

Nafunga na kutengeneza sola na pampu za maji. Kazi ikiwa nyepesi natoka na pikipiki yangu ya Boxer, begi la vifaa mgongoni. Kukiwa na paneli na betri za kubeba, natoka na kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Makao yangu ni Arusha, upande wa Sakina, na kazi inanifikisha Kisongo na Monduli kwa huku, na kwa kule miteremko ya Moshi: Machame, Kibosho, Uru, Old Moshi, Marangu. Kutafuta nyumba za watu ni sehemu ya ufundi wangu sawasawa na kushika bisibisi. GPS ninayo kwenye pikipiki, ninayo kwenye gari, na nimeizoea kiasi cha kuwa na msimamo ambao madereva wenzangu kadhaa wanaupinga: kwa barabara zetu, kifaa hiki kinafaa zaidi kuwa daftari la ulikopita kuliko kuwa kiongozi wa usikokujua.

Kijiweni Sanawari kuna jamaa anayeendesha pikipiki ya mkataba. Chini ya kiti, tajiri mwenye pikipiki amefunga kifaa cha GPS, na jamaa anaamini setilaiti inamwona. "Chalii yangu, hapa nilipo kuna jicho juu," aliniambia, kidole kikielekea mawinguni. Nikamwambia kule juu hakuna anayemtazama. Setilaiti za GPS ziko umbali wa kilomita 20,200 hivi kutoka ardhini, na kazi yao ni kutangaza tu: kila moja inasema ni saa ngapi na yenyewe iko wapi, kwa yeyote mwenye cha kusikilizia. Kipokezi chako kinasikiliza angalau setilaiti nne, kinapima kila tangazo limechukua muda gani kufika, kisha kinapiga hesabu. Mawimbi yanakwenda kwa kasi ya mwanga, karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo saa ikikosea sehemu moja ya milioni ya sekunde, umehamishwa mita 300. Ndiyo maana setilaiti zimebeba saa za atomu. Ndiyo maana pia hesabu za Einstein zimo humo ndani: saa za kule juu zikiachwa zilivyo zinazitangulia za kwetu kwa mikrosekunde 38 hivi kila siku, na kwa kasi ya mwanga hiyo ni hitilafu ya zaidi ya kilomita 10 kabla jua halijazunguka.

Kinachomchongea jamaa ni laini ya simu iliyochomekwa ndani ya kile kifaa. Hiyo ndiyo inayochukua nukta iliyokwisha kupigiwa hesabu na kuipeleka kwa tajiri. Akiingia mahali pasipo na mtandao, vifaa vingi vinahifadhi nukta na kuzimwaga zote kwa pamoja mtandao ukirudi. Nikaona anafikiri. Halafu akauliza lililokuwa moyoni: "Kwa hiyo nikitoa laini?" Hilo sikumjibu. Tajiri wake ni mteja wangu.

Kwa bodaboda wengi wa mji huu, GPS wanayoijua ni hiyo, inayowaonyesha wao badala ya kuwaonyesha njia. Sina ugomvi nayo kwenye suala la wizi; pikipiki zinaibwa kweli. Ugomvi wangu ni ile rilei ya kuzima injini kwa mbali. Kuifunga kwenye waya wa swichi ni kazi ndogo, lakini kuna vifaa vya bei ya kutupa vinavyokata moto papo hapo hata chombo kikiwa kasi na abiria nyuma, na kuna vilivyotengenezwa kwa akili vinavyosubiri mwendo ushuke kwanza. Anayefungiwa ana haki ya kujua amefungiwa kipi, na iandikwe kwenye mkataba. Mabasi ya mikoani nayo yana mfumo wa LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, wa kufuatilia mwendo; abiria wa Arusha kwenda Dar anausikia ukilia dereva akizidisha mwendo. Kule angalau kila mtu ndani ya basi anajua kifaa kipo na kinafanya nini.

Historia nitaipita haraka. Mfumo wa GPS ni mali ya jeshi la Marekani; setilaiti ya kwanza ilirushwa 1978, ukatangazwa kukamilika 1995, na mpaka mwanzoni mwa Mei 2000 raia walikuwa wakipewa mawimbi yaliyovurugwa makusudi, ya kukosea hata mita 100. Simu ya leo, mahali pa wazi, inakosea kama mita 5, tena inasikiliza na setilaiti za Urusi, Ulaya na China kwa pamoja. Na kusikiliza hakuli bando. Hili nalirudia kila ninapokwenda kwa sababu watu wanazima GPS wakidhani wanaokoa bando, kumbe kinacholila ni picha ya ramani. Pakua ramani ya Arusha na Kilimanjaro ukiwa na intaneti nzuri, halafu hata milimani bila mtandao utajiona ulipo.

Pikipiki inaitesa simu. Mtikisiko ndio mbaya zaidi. Septemba 2021 Apple wenyewe walitoa tahadhari kwamba mtikisiko wa injini kubwa za pikipiki unaweza kuharibu kamera za iPhone, zile ambazo lenzi yake inajisawazisha yenyewe, na hata kwa pikipiki ndogo wakashauri kishikio chenye kinga ya kunyonya mtikisiko. Sasa wewe chukua injini ya Boxer, uongeze matuta na mashimo ya barabara ya Kwa Mrombo. Suluhisho langu ni simu ya zamani isiyo na laini, kioo kimepasuka pembeni, niliyoijaza ramani tu. Hiyo ndiyo inayokaa kwenye usukani. Simu yenyewe iko mfukoni. Hii ya juu ikifa, imekufa. Aliyeiba hajaiba namba za wateja wangu.

Umeme wake watu wengi wanaufunga ovyo. Wanachukua kichajio, wanakiunga moja kwa moja kwenye betri, na baada ya siku kadhaa pikipiki haiwaki kwa swichi, wanalaumu betri. Kile kibadilisha umeme cha kushusha volti 12 kuwa 5 kinakula kidogo kidogo hata simu ikiwa haipo. Kiunge kwenye waya unaoamka ukizungusha ufunguo, weka fyuzi ya ampea 3 karibu kabisa na unakochukulia umeme, na waya upitishe mahali usukani hautausaga ukikata kona. Jambo jingine ambalo hawaambiwi: vichajio vya bei ya chini vinatoa kelele za redio. Mawimbi ya GPS yanayokuja kwenye megahezi 1575.42 yanafika yakiwa dhaifu mno, na kichajio kibovu kilichokaa kando ya simu kinaweza kuyafunika kabisa. Ukiona simu inapoteza njia kila ikichomekwa na kuipata ikichomolewa, usiende kununua simu nyingine.

Halafu kuna mvua. Matone yanabonyeza kioo yenyewe. Unakwenda Tengeru, ukitupa jicho ramani imeshajihamishia Morogoro. Masika naizima ile ya usukanini, nabaki na hedifoni sikio moja ndani ya helmeti, sikio la pili nikiliachia barabara. Sauti ya Kiingereza inavyotamka Ngaramtoni ni burudani ya bure, ila unajifunza kuielewa.

Kwenye gari mambo ni mepesi, kiasi kwamba kati ya Arusha na Moshi sihitaji ramani hata kidogo. Barabara ni moja, kilomita 80 hivi, na ukilala usingizi abiria atakwambia mmefika Boma Ng'ombe. Kwenye kirikuu GPS naitumia kuangalia mwendo. Mita ya spidi ya dashibodi hairuhusiwi kuonyesha pungufu ya mwendo halisi, lakini kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa inairuhusu kuzidisha, hadi asilimia 10 na kilomita 4 juu yake. Kwa hiyo gari nyingi zikiandika 50 kwenye dashibodi, GPS inaandika 46 au 47. Madereva waliogundua hili wanaendesha kwa namba ya simu, wabane 50 kamili kwenye kibao cha kijiji. Mimi nawaambia ile tofauti ni akiba yako mbele ya tochi, kile kipima mwendo cha trafiki. Faini ni 30,000 na trafiki hana muda wa kusikiliza habari za Umoja wa Mataifa. Lakini aliyebadilisha matairi aangalie. Watu wa kirikuu tunapenda kuvalisha gari matairi makubwa kuliko yaliyotoka nayo ili tumbo lipande juu ya matope, na hapo dashibodi inaanza kusoma pungufu. Gurudumu kubwa linakwenda mbali zaidi kwa kila mzunguko, mita haijui. GPS itakwambia ukweli kwa sababu haihesabu mizunguko ya gurudumu.

Sasa Moshi, na hapa ndipo msimamo wangu ulipozaliwa.

Miteremko ya Kilimanjaro imekatwakatwa na mito inayoshuka kwenda kusini: Weruweru, Karanga, Rau na vijito vyake. Kila mmoja umejichimbia bonde, na vijiji vimekaa juu ya migongo iliyo katikati. Barabara nzuri zinapanda na mgongo. Za kukatiza kutoka mgongo huu kwenda ule ni chache. Nyumba mbili zinazosikilizana jogoo zinaweza kukutaka ushuke mpaka karibu na mjini, uanze kupanda upya. Programu ya ramani haioni hivyo. Inaona kimstari kinachoingia korongoni na kimstari kinachotoka upande wa pili, na katikati kuna mtu, pengine yuko Ujerumani, aliyeunganisha kwa kuangalia picha ya juu. Picha ya juu imefunikwa na migomba. Angefanyaje?

Aprili moja nilikuwa Kibosho, nimemaliza kazi mapema, na kuna mteja Uru ambaye inverta yake ilikuwa inalia. Kati ya Kibosho na Uru kuna bonde la Karanga. Simu ikaniambia nivuke, kilomita chache tu, nitakuwa nimefika kabla chai haijapoa. Nikaifuata kwa sababu barabara ilianza vizuri: pana, ina changarawe, ina nguzo za umeme. Baada ya kanisa ikawa nyembamba. Baadaye ikapita katikati ya vihamba, yaani mashamba ya migomba ya Wachaga, mfongo (mfereji) wa maji ukitembea nayo kushoto, udongo mwekundu umelowa na una alama za kwato, sio za matairi. Hapo nikasimama. Alama za matairi zinaposhindwa kuonekana ni wakati wa kuzima injini na kusubiri mtu.

Akaja mama mmoja na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, mundu mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Unashuka wapi na hilo lipikipiki?"

"Uru, mama. Simu inasema njia ni hii."

Akaitazama simu kwa heshima zote, kisha akatazama matairi yangu. "Njia ni hii kweli. Sisi tunapita. Hata ng'ombe anapita, kiangazi." Akautua mzigo, maana ameona maelezo yatakuwa marefu. "Pale mtoni palikuwa na magogo mawili. Mwaka huu limebaki moja."

Akanirudisha mpaka shuleni, kwa maneno. Nikifika duka la mangi mwenye friji nje, nishike kushoto, nishuke moja kwa moja bila kudanganywa na lami ya kulia kwa sababu ile inaishia kwa padri. Nilipomshukuru akauliza kama natengeneza na redio. Nilitengeneza, wiki iliyofuata.

Nimelifikiria sana lile gogo. Simu haikukosea kipimo chochote pale. Mahali nilipokuwa ilipajua, mto ilijua uko wapi, umbali ilijua. Kitu alichokuwa nacho mama na simu haina ni tarehe. "Mwaka huu limebaki moja" ni habari ya Aprili ile, kabla ya hapo haikuwepo na mwaka wa mbele huenda haitakuwepo, na ramani inayokokotoa njia haina mahali pa kuiweka. Inachojua ni kwamba mstari huu ni barabara ya daraja fulani, barabara za daraja hilo huendeshwa kwa mwendo fulani, basi gawanya umbali kwa mwendo. Kwa Ulaya hesabu hiyo inatosha. Kwa miteremko ya Moshi mwezi wa nne, mstari huohuo unaweza kuwa barabara Januari na utelezi wa kukufikisha mtoni kwa mgongo Aprili.

Ndiyo maana kila ninapokwenda narekodi. OsmAnd, programu ya ramani ya simu, inafanya hivyo vizuri: unaiwasha unapotoka, inaandika nukta kila sekunde chache pamoja na saa na mwinuko, na jioni una faili la GPX. Faili hilo ni maandishi tu, linafunguka kwenye programu yoyote ya ramani, halimlazimishi mtu kununua kitu. Mimi nayapa majina ya njia na mwezi. Uru kupitia Rau, Aprili. Uru kupitia Rau, Septemba. Mteja akipiga baada ya muda mrefu sifungui ushauri wa programu, nafungua mstari wangu mwenyewe wa mwezi unaofanana na huu, na kwa sababu kila nukta ina saa, naona hata mahali nilipokwenda kwa mwendo wa kutembea. Pale nukta zinapobanana ndipo palipo na matope au mawe. Hakuna mtambo wa Marekani utakaonipa habari hiyo; nimejipa mwenyewe kwa kupita.

Programu za kuongoza zinanifaa sehemu moja, nayo ni tambarare. Ukitoka Kisongo kuelekea Monduli chini, au ukiingia Simanjiro, shida inageuka: njia ni nyingi mno. Kila gari limejichorea yake kuzunguka dimbwi la mwaka juzi, na zote zinafanana. Hapo naweka nukta ya boma ninalokwenda, nafuata mshale wa mwelekeo tu, na nachagua njia yenye vumbi jipya. Mvua ikishagusa ule udongo mweusi wa mfinyanzi, mshale hausaidii kitu, wewe utalala ndani ya gari. Madereva wa watalii wanaopita huko wana GPS zao za Garmin zenye ramani za Tracks4Africa, nyingine nzuri sana, lakini wasikilize kwenye redio kol: wanaulizana wao kwa wao mto gani umejaa.

Mjini Arusha tatizo ni jingine tena, ni la majina. Hakuna anayekwambia yuko barabara fulani namba fulani. Yuko Kwa Mrombo, ukishuka unaingia ndani kidogo. Yuko General Tyre, yaani jirani na kiwanda cha matairi ambacho kimesimama miaka mingi na kituo bado kinaitwa hivyo. Mwaka 2022, kuelekea Sensa ya Agosti 23, serikali iliendesha operesheni ya anwani za makazi: vibao vya majina ya mitaa vikasimikwa, namba zikawekwa ukutani, na postikodi zipo, za mkoa wa Arusha zinaanza na 23 na za Kilimanjaro na 25. Mimi naipenda kazi ile. Kibao kina jina, nyumba ina namba, na kuna programu ya NaPA ya kuitafutia. Shida ninayokutana nayo ni kwamba namba iko ukutani na mwenye nyumba haijui. Nimemuuliza mzee mmoja Moshono namba ya nyumba yake kwenye simu, akanijibu, "Kijana, mimi naitwa kwa jina." Nilipofika niliiona juu ya mlango wake, imefunikwa nusu, na kibarazani pameanikwa maharage.

Na kwa kuwa tumeutaja Mnara wa Saa: unasifiwa kuwa katikati ya Cape Town na Cairo. Siku moja nikiwa kwenye foleni pale niliamua kuupima. Cairo iko nyuzi 30 kaskazini, Cape Town karibu nyuzi 34 kusini, kwa hiyo katikati yao ni kama nyuzi 2 kusini. Mnara uko nyuzi 3 na dakika 22. Kwa kipimo hicho katikati ni kaskazini zaidi, ng'ambo ya mpaka wa Namanga. Ukivuta mstari ulionyooka kati ya miji hiyo miwili ndiyo kabisa, katikati yake inaangukia Kongo, upande wa Kindu. Labda sifa ile ni ya barabara ya zamani ilivyokuwa ikijipinda. Nilimweleza muuza magazeti, akasema nisiwaambie watalii.

Kuna mtego mmoja unaowahusu hasa watu wa visima. Mwenye shamba anakuletea karatasi ya zamani ya kisima kirefu, ina namba za kijiografia zimepigwa taipureta. Unaziingiza kwenye simu, unafuata, unajikuta kwenye shamba la jirani na hakuna dalili ya kisima. Karatasi haidanganyi. Ramani zetu za zamani zilipimwa kwa mfumo wa Arc 1960, na GPS inatumia WGS 84; namba zilezile zikisomwa kwa mfumo usio wake zinakusogeza karibu mita 300, zaidi kwa upande wa kaskazini. Programu nzuri zinakuruhusu kuchagua mfumo kabla ya kuingiza. Kama yako haina, geuka kusini, tembea, tafuta zege lililozama kwenye majani. Mlima wenyewe haukusalimika na vipimo vipya: ile 5,895 ya kileleni ilipimwa 1952, na mwaka 1999 wapimaji walipanda na vipokezi vya GPS wakapata 5,892 na ushei. Kibao cha Uhuru bado kinasema 5,895, na mimi niko upande wa kibao.

Lile gogo nalo nililifanyia kazi. Ramani zinazotumiwa na OsmAnd zinatoka OpenStreetMap, mradi ulioanza Uingereza 2004, ambako mtu yeyote mwenye akaunti anaweza kurekebisha. Ndiyo njia waliyotumia vijana wa Ramani Huria kuchora mitaa ya Dar es Salaam inayofurika maji. Nikaingia, nikabadilisha kile kipande cha bondeni kutoka barabara kuwa njia ya miguu. Ramani ilipotoka upya, programu ikaacha kupeleka watu kule. Kubadilisha kulikuwa rahisi. Kujua cha kubadilisha ndiko kulikomhitaji mama wa majani.

Mafundi wenzangu wananiomba mafaili yangu na ninawapa, ila nayakata kwanza. Mstari unaoishia getini kwa mtu mwenye paneli mpya juu ya bati ni zawadi kwa mwizi wa paneli, na faili la WhatsApp halijui kukaa kwenye kundi moja. Nafuta mita mia kadhaa za mwisho kabla ya kutuma. Visima vya kijiji na zahanati naviacha vilivyo, kwa kuwa huko kila mtu anatakiwa afike. Kama unakwenda Uru masika hii na hujui upitie wapi, niandikie, nitakutumia la Aprili. Ukishavuka Rau zima sauti ya simu, na ukifika juu niambie barabara ikoje, kwa sababu langu ni la mwaka jana.